Wati 160 za Saa Nne Usiku

Haya niliyasema Jumamosi moja jioni kwenye mkutano wa wanachama wa SACCOS yetu hapa Tegeta, Dar es Salaam. Waliokosa wameniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyo, ila nimeondoa utani niliowapiga watu wa Simba.

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, na baada yangu inakuja taarifa ya mweka hazina kuhusu wanaochelewesha marejesho. Kwa hiyo nikizidisha muda, najua kuna watu humu watanishukuru.

Wengi mnanifahamu. Mliokopa sola baada ya ule mgao wa mwaka 2023, mapaa yenu mengi nimeyapanda mimi. Tangu wakati huo simu yangu hailali. Mchana hapigi mtu. Mchana jua linawaka, namba ni kubwa, kila mtu na furaha yake. Simu zinaanza saa tatu usiku, watu wameshakula, wamejinyoosha kwenye kochi, wamefungua apu ya sola kwenye simu. "Fundi, mbona jua limezama na sola bado inaonyesha wati saba?" "Fundi, nimezima kila kitu, hizi wati 160 zinakwenda wapi?" "Fundi, betri ilikuwa asilimia sitini, nimegeuka tu, giza."

Leo nataka tuzungumze namba za usiku peke yake, kwa sababu zimeshaanza kuvunja watu urafiki. Nina mfano, na mwenyewe ameniruhusu niusimulie mradi nisimtaje. Ni mwalimu mstaafu. Msigeuke kutafuta, nitazameni mimi.

Mwalimu ana nyumba kubwa na kule uani ana chumba amepangisha kijana anayekaanga chipsi barabarani. Kijana mpole, kodi analipa kabla hajakumbushwa. Mwalimu amefunga sola, betri, na inveta ya kilowati 5, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri kuwa umeme wa nyumbani, na luku ipo kama kawaida. Siku moja mpwa wake akamletea klampu, kile kipimo cha mafundi chenye mdomo kama wa kaa. Unabana waya, kinakuambia ni ampia ngapi zinapita. Mwalimu na umri wake akakipenda kama mtoto aliyepewa baiskeli. Akazunguka nyumba nzima anabana nyaya.

Saa nne usiku akazima kila kitu. Friji akachomoa, taa akazima, breka za ndani akashusha zote. Akaenda kubana waya unaotoka luku kwenda kwenye inveta. Kipimo kikasoma 0.7. Mwalimu alifundisha hesabu, hakuhitaji kikokotoo: ampia 0.7 mara volti 230 ni wati 161. Akashusha klampu, akaituliza, akabana tena. 0.7. Nyumba giza, friji imechomolewa, na wati 160 zinapita kwenye waya.

Ninyi mngefikiri nini? Mwalimu alifikiri chumba cha uani.

Asubuhi yake akanipigia, sauti imebadilika. "Fundi, njoo unitafutie waya huyu kijana alikojiunganishia. Nataka kumpa notisi, ila nataka niwe na ushahidi." Nikamwuliza, Mwalimu, luku yenyewe inasemaje? Akasema, "Luku ya nini? Nimepima mwenyewe."

Nikaenda usiku huohuo. Sikubeba klampu. Nilibeba ndoo ya kukalia, na saa.

Tazameni luku zenu mkirudi nyumbani. Kuna kataa kekundu kanakopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba. Ya Mwalimu imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kale kataa kakipepesa mara 1,000, umetumia uniti moja. Kakipepesa mara moja, umetumia sehemu moja ya elfu ya uniti. Kwa hiyo ukipima sekunde kati ya pepeso moja na lingine, ukachukua 3,600 ukagawa kwa sekunde hizo, unapata wati. Hakuna intaneti hapo, hakuna apu, na ndiyo hesabu unayolipia.

Kama kweli wati 160 zilikuwa zinaliwa, kataa kangepepesa kila baada ya sekunde 22 au 23. Tukakaa. Mimi kwenye ndoo, Mwalimu kwenye kigoda, mbu wanatula kwa zamu. Kakapepesa. Nikabonyeza saa. Sekunde 22 zikapita, kimya. Dakika ikapita. Mwalimu akasogeza uso karibu na mita kama anayesoma bila miwani. Dakika ya pili ikapita. Kakapepesa tena kwenye sekunde ya 178.

Gawa 3,600 kwa 178. Wati 20. Wati 160 za Mwalimu zimekuwa 20, na kijana wa chipsi alikuwa barabarani kwenye jiko lake la mkaa, hana habari kwamba kesi yake inaamuliwa.

Sasa klampu ilidanganya? Haikudanganya. Ampia 0.7 zilikuwepo kweli kwenye waya. Kosa lilikuwa kwenye kuzidisha, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo penye utamu.

Ndani ya inveta, mlangoni kabisa pale umeme unapoingilia, watengenezaji wanaweka kapasita za kuchuja kelele, ili inveta isichafue umeme wa jirani. Hizo zimeunganishwa na waya wa luku usiku na mchana. Kapasita haili umeme. Inachofanya ni kujaa na kutoka. Inachukua kidogo, inarudisha, inachukua, inarudisha. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, inajaa na kupwa mara 100 kila sekunde.

Nimetumia neno kujaa na kupwa kwa makusudi. Nani anatoka Kunduchi humu? Simama pale kwenye mkono wa bahari unaoingia mikokoni, maji yakijaa. Mkondo una nguvu, unasukuma ngalawa. Rudi baada ya saa sita, mkondo una nguvu vilevile, unatoka. Mtu akija na kipimo cha kasi ya maji, asipime kingine chochote, atakuambia hapa panapita maji mengi mno, usiku na mchana. Ni kweli yanapita. Lakini mwisho wa siku mle mikokoni hakuna ndoo moja iliyoongezeka. Klampu ya Mwalimu ilipima kasi ya maji, haikupima kama yanaingia au yanatoka. Nasi Waswahili kwa bahati nzuri mwendo wa maji na wa umeme tumeupa jina moja, mkondo.

Kapasita za mikrofaradi 10 kwa jumla zinatosha kuvuta zile ampia 0.7, na wati zinazopotea humo ni kidogo mno. Unachopata ukizidisha volti na ampia mafundi tunaita volti-ampia. Vinakuwa wati pale tu volti na ampia zinapopanda na kushuka pamoja, kama kwenye pasi au jiko la umeme. Kwenye pasi, klampu na kikokotoo vinakupa jibu sahihi kabisa, ndiyo maana watu wanaviamini. Kwenye inveta iliyolala, hapana. Mita ya luku ya nyumbani inahesabu wati za kweli, hizo za kujaa na kupwa haikutozi. Viwanda vikubwa ndivyo hutozwa pia kwa kilovolti-ampia, ninyi hapana.

Na zile wati 20 za kweli? Hizo nilikuwa nimeziweka mimi. Mita nyingi za luku zimeundwa kuhesabu umeme upitao bila kujali unaelekea wapi, ili watu wasizigeuze. Sola yako ikisukuma umeme kurudi kwenye nguzo za umeme za mtaani, luku inakukata uniti kana kwamba umetumia wewe. Unazalisha mwenyewe na unalipishwa! Kwa hiyo tunaiambia inveta ibakize kivuto kidogo kutoka kwenye nguzo muda wote, wati 20 hivi, isije ikateleza ikasukuma. Wati 20 usiku na mchana kwa siku thelathini ni uniti 14 na kidogo. Kwa wanaolipa karibu shilingi 356 kwa uniti, ni kama shilingi 5,100 kwa mwezi. Sikumwambia Mwalimu wakati nafunga. Ningemwambia, nisingekaa kwenye ndoo na mbu.

Notisi haikuandikwa. Nasikia kodi ya kijana haijapanda tangu hapo, ingawa sababu hajaambiwa.

Zile wati saba za kwenye apu, za "sola inazalisha usiku", ni binamu wa jambo hilihili. Kuna pete nyeusi tunaibana kwenye waya mkuu, mafundi tunaiita CT. Ndiyo jicho la inveta. Pete za bei nafuu zinachelewa kidogo sana kuona mkondo, nyuzi moja, nyuzi mbili kati ya zile 360 za mzunguko mmoja. Kwenye pasi huwezi kuligundua kosa hilo. Lakini penye mkondo mtupu wa kujaa na kupwa, kuchelewa nyuzi mbili tu kunageuza volti-ampia 160 kuwa wati tano au sita ambazo hazipo. Ukiona sola inazalisha wati tano saa saba usiku, mshukuru Mungu kwa uhai, ulale.

Lakini wati 1,200 usiku ni habari nyingine.

Kuna dada mmoja wa Madale, muuguzi, alirusha picha ya apu yake kwenye stetasi. Saa mbili usiku, sola inazalisha kilowati 1.2. Chini kaandika, "Mungu hamtupi mja wake." Watu wamejaza makopakopa. Mimi nilipoiona nikaanza kutafuta viatu, maana nyumba ile nilimwachia kijana wangu amalizie.

Nikampigia: dada, ulikuwa unafanya nini ulipopiga picha? "Nilikuwa napiga pasi sare za kesho."

Zima pasi, uangalie. Kimya kidogo. "Fundi, sola imezima."

Pete ya CT ina mshale, unaonyesha umeme unaelekea wapi. Kijana wangu aliufunga kinyume. Kwa hiyo dada akipiga pasi, inveta inaona umeme unatoka nyumbani kwenda kwenye nguzo. Nayo inajua umeme hauchipuki hewani kama uyoga. Betri haitoi, basi inaandika: sola. Ni hesabu sahihi juu ya habari iliyopinduliwa. Kumbukeni dawa yake, maana haihitaji fundi: usiku ukiona namba ya sola imekua, washa na uzime kitu kizito. Namba ikipanda na kushuka pamoja na pasi, hiyo siyo sola. Jua halijui kama unapiga pasi.

Na dada asingecheka angejua mchana kunatokea nini. Pete ikiwa kinyume, mchana inveta inasukuma umeme kwenye nguzo huku ikidhani inajizuia. Luku yake ilikuwa inakula uniti jua la saa saba, nyumba haina mtu. Alidhani tarifu imepanda. Uniti za miezi miwili nilimrudishia mfukoni mwangu, na yule kijana siku hizi mshale anauchora kwa kalamu nyekundu.

Swali la mwezi nitalipitia haraka, maana kila mkutano linaulizwa na leo limeshaulizwa mlangoni. Mwezi mpevu hauzalishi umeme wa maana. Jua la mchana linaushinda mng'ao mara kama 400,000. Paneli za kilowati 5 chini ya mwezi mpevu zingekupa sehemu ya wati isiyofika hata mbili za mia. Haitoshi kuwasha kataa ka rimoti. Ila ukipima volti za paneli ukiwa karibu na taa kubwa ya barabarani, unaweza kuona volti zimeonekana. Volti zipo, mkondo wa kufanya kazi haupo. Ni mtu aliyeinua mkono kuchangia harusi, mfukoni hana kitu.

Sasa niwape aina ya namba za usiku ambazo si za usiku kabisa.

Kwanza ni zile zilizoganda. Inveta inapeleka taarifa zake kwa waifai kila baada ya dakika chache. Bando likiisha saa kumi na moja jioni, apu inabaki na namba ya mwisho iliyopokea. Unafungua saa nne usiku unaona kilowati 3.4, paneli zinawaka. Siyo uongo, ni picha ya zamani. Juu ya skrini kuna maandishi madogo ya saa ya taarifa ya mwisho, na hapo ndipo macho yaanze. Kuna mzee mmoja nilimwambia anunue bando, akadhani nafanya utani.

Kisha kuna "uzalishaji wa leo, 14.2". Hiyo ni jumla ya uniti tangu alfajiri. Inabaki pale mpaka saa ya inveta ifike usiku wa manane ndipo irudi sifuri. Wanaosoma 14.2 saa tatu usiku na kudhani ni kilowati 14 zinazotoka darini ni wengi kuliko mnavyodhani, na sitawacheka, maana ile h ya mwisho kwenye kWh imeandikwa ndogo kama ya mkataba wa mkopo.

Halafu saa yenyewe. Inveta nyingi zinatoka China, na nyingine zinafika zikiwa bado na saa ya China, ambayo iko mbele yetu kwa saa tano. Fundi asipoibadilisha, jua la Dar es Salaam linalochomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi linaandikwa kwamba limechomoza saa tano na nusu, na mchana wako wote unasogea. Kwenye grafu unaona sola inazalisha vizuri mpaka saa tano usiku. Mtu mmoja alinitumia grafu hiyo akiniuliza kama paneli zake ni za aina mpya.

Na sisi Waswahili tumejiongezea letu. Saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, ya inveta inaanza usiku wa manane. Mteja anamwambia kijana wa fundi, "Usiruhusu ichaji betri kwa umeme wa luku mpaka saa nane usiku." Kijana anaandika 08:00. Hiyo ni saa mbili asubuhi! Mteja anaamka saa kumi alfajiri anakuta betri iko chini, luku haijaigusa, anasema inveta mbovu. Nimewahi kukuta ratiba nzima imeandikwa hivyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mwandiko mzuri sana. Siku hizi nikipokea maagizo ya saa, nauliza: jua lipo au halipo?

Mpaka hapa nimewaambia namba zinazoonyesha kitu pasipo na kitu. Mkiondoka na hizo tu, mtadharau kila namba ya usiku, na mtaumia. Kwa hiyo nimalizie na ile ya kinyume, sifuri iliyokuwa na kitu ndani yake. Hii aliyekosea ni mimi, na nilikosea kwa kujiamini.

Ilikuwa wakati wa masika, mwezi wa nne, zile wiki ambazo jua tunalisikia kwa majirani. Mteja wangu, mama mwenye duka la dawa baridi na friji ya dawa, alikuwa na betri mbili za lithiamu, kila moja ya kilowati-saa, yaani uniti, 5 na kidogo. Akanipigia: betri inaonyesha asilimia hamsini na kitu, halafu inakata ghafla. Nikaenda usiku. Friji yake ilikuwa upande wa luku siku hiyo, hakuna mzigo wowote kwenye betri. Nikasoma skrini ya betri ya kwanza: ampia 0. Betri ya pili: ampia 0. Nikamwambia, kwa sauti ya daktari bingwa, "Mama, hakuna kinachotoka. Betri zako zimechoka." Betri zina mwaka mmoja! Akaniamini. Akaanza kutafuta pesa za betri nyingine.

Nilirudi nyumbani usingizi ukakataa. Inveta ile yenyewe, ikiwa macho bila kufanya kazi yoyote, inakula kama wati 50. Feni zake, ubongo wake, kuandaa umeme wa kutoa muda wowote utakapohitajika. Wati 50 kwenye betri ya volti 51 ni ampia moja. Ampia moja ikigawanywa kwa betri mbili, kila moja inatoa nusu. Na kipimo kilicho ndani ya betri nyingi hizi kimetengenezwa kuhesabu ampia mia moja. Nusu ampia kwake ni kama mchwa kwenye mizani ya gunia. Inaandika sifuri. Betri ya kwanza inasema si mimi, ya pili inasema si mimi, na umeme unatoka.

Fanyeni hesabu nami. Wati 50 kwa usiku wa saa kumi na mbili ni uniti 0.6. Kwenye betri zake mbili hiyo ni karibu asilimia sita kwa usiku. Kiangazi haimsumbui mtu, kwa sababu kila mchana betri inajaa mpaka juu, na ikijaa inajisahihisha yenyewe, inaandika 100 na kuanza upya. Masika haijai. Usiku wa kwanza inapoteza asilimia sita bila kuziandika, wa pili sita nyingine, na baada ya wiki skrini inasema asilimia hamsini na tano huku ndani zimebaki kumi na tano. Volti nazo hazikusaidii, maana betri hizi za lithiamu volti zake zinatulia palepale kwa muda mrefu, zikaanguka mwishoni kabisa.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua duka. Nikazichaji betri zote mbili kwa luku mpaka zikajaa kabisa, nikaziacha hapo juu masaa kadhaa. Zikarudi kuwa betri. Mama hakuniambia neno baya, alinipa tu chai na akasema pesa zilikuwa zimetoka kwenye ada ya mtoto. Chai ile niliimaliza kwa shida.

Tangu siku hiyo namba ya papo hapo siipi uzito usiku, iwe sita au sifuri. Naangalia usiku mzima. Jioni sola ikiisha, andika asilimia ya betri na uniti za luku. Asubuhi kabla jua halijapata nguvu, andika tena. Fanya siku tatu. Tofauti ya luku haina ujanja. Tofauti ya betri iaminini pale tu ambapo betri imejaa kabisa ndani ya siku mbili tatu zilizopita. Ikiwa ni masika, ijaze kwa luku walau mara moja kwa wiki, hata kama roho inauma.

Na mkiwa na shaka na namba ya sola yenyewe, ile swichi ya paneli iliyo pembeni ya inveta izimeni usiku, giza likiwa limeshaingia. Namba ikibaki palepale, haitoki darini. Usiku nimesema. Mchana msiiguse inveta ikiwa inafanya kazi, ule umeme wa paneli ukikatwa kwa swichi dhaifu unarusha cheche zisizozimika kirahisi. Na nyaya za betri hazina usiku wala mchana, hizo niachieni mimi.

Nimeulizwa swali hapa na mama wa mstari wa pili: kama inveta inakula wati 50 bure, si aizime akienda kulala? Mama yangu, ukisafiri wiki mbili, zima. Ukiwa nyumbani, usizime. Uniti 0.6 kwa usiku ndiyo mshahara wa mlinzi wako. Umeme ukikatika saa nane, jua halipo, hiyo saa nane, taa ya ngazi na friji vitaendelea na hutajua hata kama ulikatika. Ukizima inveta umemfukuza mlinzi ili kuokoa ugali wake. Ila ukibadilisha inveta siku moja, uliza muuzaji inakula wati ngapi ikiwa imekaa tu. Karatasi yake inaandika. Wauzaji hawapendi hilo swali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina ombi moja. Mita ya ukumbi huu iko nyuma, karibu na jiko, nimeipitia wakati naingia, nayo ni ya 1000. Mlinzi atuzimie taa za humu kwa dakika tano, twende wote tukahesabu. Mzee wangu hapo mbele ana saa yenye mshale wa sekunde, atatupigia. Wengine mkifika, mtaje kwanza ni wati ngapi mnadhani zinapita, kabla kataa hakajapepesa mara ya pili. Mweka hazina, njoo na kalamu.